Mheshimiwa wa Chumba cha Nyuma

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni Jumamosi moja ya mwezi wa sita, mwaka 2009, baridi ya Johannesburg imekauka mpaka midomo inapasuka. Tulikuwa tunatoka harusini Rosettenville, mimi na mume wangu na watoto wetu wawili, wewe bado hujazaliwa. Mikono yangu ilikuwa na hina, na tumbo limeshiba pilau ya watu. Tulipofungua geti la uani kwetu, La Rochelle, tulimkuta mpangaji wetu amesimama nje ya dirisha la jikoni, kikombe cha bati mkononi. Alikuwa akikipenyeza kikombe kile katikati ya nondo za dirisha. Ndani kulikuwa na mkono uliokipokea, ukamwaga maji, ukakirudisha. Naye akakijaza tena kwenye ndoo. Alikuwa akifanya hivyo tangu adhuhuri.

Nitakueleza mkono ule ulikuwa wa nani, na mzee yule alikuwa nani, kisha nitakueleza nilichofanya mimi. Usinikatize. Najua Kiswahili unakielewa ingawa unanijibu kwa Kiingereza. Leo sitaki jibu.

Pengine utasema mimi si mzee, kwa kuwa sijafika hata miaka hamsini. Lakini hapa ugenini mtu huzeeka mapema, maana wazee wa kweli tuliwaacha nyuma, au tumewazika huku huku. Siku ile nilikuwa na miaka thelathini na moja, ule ujana wa mwisho ambao mtu hudhani ameshakomaa. Nilikuwa fundi cherehani kama nilivyo leo. Shule yangu ni darasa la sita na chuo cha Kurani, Buyenzi, mjini Bujumbura. Ninayokwambia sikuyasoma popote.

Mzee yule aliitwa Donasiyani. Watu wa kwetu Burundi walimwita Mheshimiwa, wachache kwa heshima, wengi kwa kejeli, kwa sababu nyumbani alikuwa mbunge na hapa alikuwa akilinda magari mbele ya maduka ya Rosettenville, amevaa kizibao cha kung'aa. Vijana walikuwa wakishusha kioo na kumwambia, "Mheshimiwa, itungie sheria gari yangu isiibiwe." Naye hucheka pamoja nao, akawajibu kwamba sheria ataitunga, ila mwizi hana nafasi ya kusoma.

Alipanga chumba cha nyuma uani kwetu mwanzoni mwa mwaka ule. Alikuwa Mkatoliki, sisi Waislamu, na Jumapili akitoka misa alikula kwetu. Alikuwa na suti moja tu, ile ya bungeni, sufu nzuri iliyoisha viwiko. Nilipokuwa nikiitia viraka ndipo alipokuwa akinisimulia maisha yake, kidogo kidogo, kama mtu anayekupimia unga.

Alianza akiwa mwalimu wa shule ya msingi kwenye vilima vya kaskazini. Huko kulikuwa na watu, wengi wao Batwa, wafinyanzi wa vyungu, waliokaa kwenye ardhi ya mtu mwingine, na kwa sababu hiyo walikuwa wa mtu huyo, wao na watoto wao na wajukuu wao. Walimlimia, walimchungia, walimjengea, na kazi haikuwa na siku ya mwisho. Serikali ilikuwa imekwisha kuyapiga marufuku mambo hayo kwenye karatasi, lakini karatasi haikupanda vilima. Basi siku moja mwanafunzi wake hodari hakuja darasani. Mwalimu akamfuata kwao, akamwomba baba amruhusu mtoto arudi shule. Baba akamwambia angependa sana, lakini mwenye ardhi amesafiri, hakuna wa kumwomba. Mzee Donasiyani alisema alirudi shuleni, akasimama mbele ya ubao, akashindwa kufundisha. Jibu la baba yule ndilo lililomtia katika siasa.

Alipochaguliwa kuwa mbunge hakuwa msemaji mkubwa. Wenzake walimwona mtu wa jambo moja. Waziri akileta habari ya kahawa, yeye atainuka na kuuliza juu ya wale wanaoivuna kahawa hiyo bila hiari yao. Akileta habari ya barabara, atauliza itafika kwenye kilima gani. Walimchoka. Lakini kazi yake aliifanya kwa miguu, kilima kwa kilima. Hakuwa akiuliza kama fulani ni mtumwa, kwa kuwa kila mtu angeapa kwamba watumwa hawapo, na huyo mtumwa ndiye angekuwa wa kwanza kuapa. Alikuwa na swali lake: ukitaka kuondoka leo, utamwomba nani? Aliyejibu kwamba haombi mtu, Mzee alimpa mkono akaenda zake. Aliyetaja jina, Mzee alikaa chini.

Na alikuwa na utaratibu mmoja ambao nilimcheka nilipousikia. Mimi Mwislamu, habari ya pombe naisimulia tu. Kule kwao mtu aliye wa mwenye ardhi hakunywa pamoja na wengine. Yeye ndiye aliyeufinyanga mtungi, lakini mrija wake hauingii humo. Basi mwenye ardhi akishakubali kuwaachia watu wake, Mzee hakuridhika na saini. Aliwaita watu wote wa kilima, ukaletwa mtungi mmoja wa pombe ya ndizi, na mwenye ardhi na yule aliyekuwa wake wakakaa, wakanywa humo humo, mirija inagusana, watu wote wanaona. Nilimuuliza kwa nini awahangaishe hivyo watu wazima. Akanijibu kwamba mtu aliyevuliwa heshima mbele ya watu haivishwi chumbani. Sikuyaelewa maneno yale. Nilikata uzi kwa meno, nikampa koti lake.

Sasa nije kwenye mkono wa dirishani. Ulikuwa wa Riziki, binti wa kaka yangu. Nilimleta mwanzoni mwa mwaka 2008, ana miaka kumi na saba. Kaka alisita, nikamwambia ng'ombe haelemewi na nundu yake, mlete, atasoma huku, na atanisaidia kidogo na watoto. Lakini ili asome ilibidi kwanza apate karatasi ya ukimbizi, na ili aipate ilibidi mtu ashinde naye kwenye foleni siku mbili tatu, nami nilikuwa na nguo za watu. Nikasema wiki ijayo. Mwezi wa tano ukafika, wageni wakaanza kupigwa mjini. Niliona kwa macho yangu cherehani ya fundi mwenzangu ikitupwa barabarani. Tukatia kufuli kubwa kwenye geti la mlango, na anayebaki ndani tukamfungia kwa nje ili nyumba ionekane haina mtu.

Hofu ile ilikuwa ya kweli, na siilaumu hata leo. Lakini hofu iliondoka, kufuli likabaki. Baada ya mwaka mzima mimi nilikuwa natembea mpaka sokoni, mume wangu anakwenda kazini na msikitini, watoto wanakwenda shule, na Riziki yuko ndani anafua, anapika, anapangusa. Akiulizwa, nilisema, "Riziki hapendi kutoka." Nikalisema mpaka nikaliamini. Riziki mwenyewe nadhani alifika mahali akaliamini pia.

Jumamosi ile alikuwa anatukaangia maandazi ya Jumapili. Mafuta yakamrukia mkono, kuanzia kiwiko hadi vidole. Wiki hiyo bomba la ndani lilikuwa bovu, na maji yalitoka uani tu. Akapiga kelele. Mzee Donasiyani, ambaye siku hiyo alikuwa amerudi mapema kwa homa, akatoka chumbani kwake, akajaribu mlango, akaona kufuli. Alinipigia simu, nikaiona baadaye. Simu ilikuwa mkobani na mkoba uko chini ya kiti, na ngoma zilikuwa zinalia. Ndipo akachukua ndoo na kikombe.

Mume wangu alifungua, tukamwosha binti, tukamfunga kitambaa safi, na jirani mwenye gari akampeleka kliniki na mume wangu. Mimi nikabaki na watoto. Mzee alikuwa bado amesimama uani. Kikombe kilikuwa bado mkononi mwake.

"Mama Hawa," akaniambia, "ufunguo wa huyu mtoto uko wapi?"

"Ufunguo wa nini, Mzee? Yeye haendi popote."

"Ndiyo nauliza. Akitaka kwenda, anamwomba nani?"

"Ananiomba mimi. Mimi ni shangazi yake."

"Na shangazi akiwa harusini?"

Naye hakunigombeza, mwanangu. Angenigombeza ningepona haraka. Alisema polepole, kama mtu anayehesabu hatua kwenye giza, kwamba hata wenye ardhi kule kaskazini walikuwa wakimwambia, huyu ni mtoto wangu, anakula kwangu, mwulize mwenyewe. Akasema anaona aibu kwa sababu alikuwa amekula mezani kwetu miezi mitano, na yule binti alikuwa akimletea sahani na kurudi kusimama jikoni, na yeye, mtu wa swali lile, hakumuuliza.

Ningeweza kulia pale nikamaliza. Badala yake niliona moto kichwani. Mikono ina hina, nguo ya harusi, majirani wamesimama ukutani wanasikiliza. Nikamwambia, "Mheshimiwa, huku si bungeni. Huku unalinda magari, na chumba unacholala nimekupa mimi."

Akainamisha kichwa, akaenda chumbani kwake. Wahenga wamesema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Lakini hapo nilikuwa bado sijajikwaa sana.

Siku ya nne nilikwenda saluni ya Mama Shantali, Mkongomani wa Bukavu, pale karibu na robot, zile taa za barabarani, ambako wanawake wote wa Kiswahili wa upande wetu walikuwa wakisuka. Viti vilikuwa vimejaa. Mama Shantali akaniuliza mbele ya watu, "Mama Hawa, yule mtoto wako wa ndani ameungua kwa nini? Wanasema mlimfungia."

Macho yote yakanigeukia kwenye kioo. Nami nikasema, "Kabla hamjaniuliza mimi, muulizeni yule Mheshimiwa alikuwa anatafuta nini kwenye dirisha la msichana mchana kutwa."

Kisha mwanamke mmoja, Adija, mke wa muuza simu, akasema, "Ayii! Na ndevu zile nyeupe?"

"Labda alikuwa anaomba kura," akasema mwingine.

Wakacheka mpaka Mama Shantali akaacha kusuka. Nami nikacheka. Tazama sasa ujanja wa ulimi: sikusema neno hata moja la uongo. Mzee alikuwa dirishani kweli, na msichana alikuwa ndani kweli, na mchana ulikuwa mchana. Niliyapanga tu maneno, kama unavyopanga kitambaa kibovu upande mzuri ukae juu.

Maneno yale yalifika mtaa wa jirani wa Turffontein kabla sijarudi nyumbani. Jumapili ile kwenye mkutano wa Warundi viti viwili vya kushoto na viwili vya kulia kwa Mzee vilibaki vitupu. Wazazi waliwaambia watoto wasimsalimie. Wale vijana waliokuwa wakimtania kuhusu sheria hawakushusha kioo tena. Mzee hakujitetea, wala hakuja kuniuliza. Mwisho wa mwezi aliondoka na mabegi mawili, akapata chumba Turffontein, karibu na uwanja wa mbio za farasi. Aliniachia chumba kimefagiliwa. Juu ya meza aliacha sindano niliyoisahau kwenye koti lake, ameichomeka kwenye kipande cha karatasi isimchome mtu.

Riziki alipona mkono, ila vidole viwili havikunyooka vizuri tena. Asubuhi moja, mimi niko kwenye cherehani, alikuja akasimama mbele yangu. Nilidhani anataka sabuni.

"Shangazi," akasema, "nikitaka kuondoka leo, nitamwomba nani?"

Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini hakuangalia chini. Kikombe baada ya kikombe, kumbe walikuwa wanazungumza. Niliendelea kukanyaga cherehani, sindano inapanda na kushuka mahali pasipo na kitambaa. Kisha nikavua ufunguo wangu kwenye kamba ya shingoni, nikauweka mezani. Hata kumpa mkononi nilishindwa.

Siku ya kwanza alikwenda hadi spaza, kiduka cha kona, akarudi. Wiki iliyofuata alikwenda hadi barabara kubwa. Mwaka 2010, wakati wa Kombe la Dunia, mji mzima unapuliza vuvuzela na hakuna aliyesikia mlango wa mwenzake, alitoka na begi lake na hakurudi. Nilikuja kusikia kwamba Mzee Donasiyani alikuwa ameshinda naye foleni siku tatu mpaka akapata karatasi. Siku tatu, mwanangu. Ndizo nilizozikosa mimi mwaka mzima. Riziki alikwenda Pretoria, akajifunza ususi, akaanza kazi. Hakunipigia. Kaka yangu naye aliacha kunipigia. Nyumba ilibaki na watu wanne, lakini jikoni kulikuwa na ukimya ambao sikuwa nikiujua. Nilikuwa nikimwita bila kukusudia, "Riziki, lete," kisha naenda kuchukua mwenyewe.

Miaka miwili mingine nilikaa hivyo. Mtenda hutenda akasahau, wamesema, lakini mimi sikujaliwa kusahau. Mwaka 2012 nikasikia Mzee anaumwa kifua, halindi tena magari. Nikapika uji wa ulezi, nikaenda Turffontein Jumamosi mchana. Farasi walikuwa wanakimbia siku hiyo, watu wanapiga kelele uwanjani, na yeye amekaa kitandani na blanketi mabegani, peke yake. Kiti kilikuwa kimoja. Kilikuwa na vumbi.

Nikamwamkia, akaitikia, akauliza hali ya watoto kwa majina yao. Akanywa uji. Nikamwambia nilichokisema saluni, neno kwa neno, maana sikujua kama alifikishiwa sawasawa.

Akacheka kidogo, kikohozi kikamkata. "Kule nyumbani walisema nayataka mashamba yao," akasema. "Ndivyo nilivyoangushwa, na ndivyo nyumba yangu ilivyochomwa. Huku wamesema namtaka msichana. Mtu anayeuliza habari za mtumwa, binti yangu, hutafutiwa upesi kitu anachokitaka."

Nikamwomba msamaha. Nikapiga magoti kwenye sakafu ile ya saruji. Akanishika mkono, akaniinua.

"Kwangu yamekwisha. Yalikwisha zamani. Lakini hukunisema chumbani, Mama Hawa. Ulinisema mbele ya watu. Nenda ukaiseme kweli pale pale."

Nikamwahidi. Na nilikuwa nakusudia kweli. Nilirudi kwake mara nne au tano na chakula, na kila mara aliniuliza kwa macho, na kila mara nilisema, wiki ijayo, Mzee. Nilikuwa na sababu. Hawa amekuwa binti, nani atamposa nikijianika? Adija ananiletea nguo za kushona. Nitaanzaje, watu wamekaa wanasukwa, mimi nianze habari ya miaka mitatu nyuma? Mara ya mwisho hakuniuliza. Alinieleza tu kwamba pale dirishani pake, asubuhi wanapotembezwa farasi, hupenda kuwatazama, lakini hajui majina yao na hakuna wa kumwambia.

Alifariki mwezi wa saba, mwaka 2013. Padri alisoma, na makaburini tulikuwa watu wanane, pamoja na wawili waliochimba. Mtu aliyekwenda kilima kwa kilima, ambaye kwa sababu yake familia sijui ngapi zinalala leo kwenye ardhi ambako hakuna wa kuwaondoa, alizikwa na watu wanane kwenye udongo mwekundu wa ugenini, ndani ya koti nililolitia viraka. Upepo ulikuwa unachukua vumbi la machimbo ya dhahabu na kututupia machoni, nikashukuru, maana ningeweza kusema ni vumbi.

Riziki alikuwapo. Amekuwa mwanamke, amevaa vizuri. Alitupa udongo kwa ule mkono wa vidole viwili vilivyopinda. Kisha akanijia. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nilikuwa nayataka hata.

"Shikamoo, mama," akasema.

Mama, kama unavyomwamkia mwanamke yeyote uliyemkuta njiani. Nikaitikia marahaba. Akaenda kuwasalimia wengine. Hiyo ndiyo mara ya mwisho niliyomwona, na shangazi sijaitwa tena na mtu.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwa Mama Shantali. Nilisubiri viti vijae. Adija alikuwapo, nywele nusu zimesukwa. Nikasimama katikati, nikawaambia kwamba pale dirishani, nilipowatuma mkamwulize Mheshimiwa anatafuta nini, alikuwa akimpa mtoto maji, na mimi ndiye niliyemfungia mtoto yule mwaka na zaidi, naye Mzee ndiye aliyeniambia ukweli huo. Mama Shantali akazima mashine ya kukaushia nywele. Nikasema yote, mpaka hina, mpaka simu iliyokuwa chini ya kiti.

Usidhani waliinuka wakanikumbatia. Mmoja alisema mambo ya zamani yana faida gani. Adija aliniangalia kwenye kioo muda mrefu, kisha akasema, "Mtu ameshazikwa. Sasa umekuja tubebe mzigo na wewe?"

Alisema kweli. Nilikuwa nimemcheleweshea Mzee kitu chake mpaka hakuweza kukipokea, na wao nimewanyima nafasi ya kwenda kukaa kwenye kile kiti kimoja. Nikaaga, nikatoka. Kwa muda mrefu nguo za kushona zilipungua mlangoni kwangu, na kwenye mikutano viti vya pembeni yangu vilibaki vitupu. Mume wangu hakunisema. Alisema tu kwamba sasa analala vizuri. Mimi bado.

Haya, mwanangu, nasaha zangu si nyingi. Utakuwa na nyumba yako, na kwa kuwa sisi ni watu wa ugenini, utaletewa mtoto wa ndugu, au mgeni asiye na karatasi, au mtu ambaye hapa mjini hana mwingine ila wewe. Utamlisha, utamvisha, na moyo utakwambia unampenda. Pengine ni kweli. Lakini upendo ambao mwenzako hana njia ya kuukataa, wewe huwezi kuujua ni upendo gani. Mpe njia ya kuukataa, kisha uone kama atabaki. Na mtu mnyonge akikuuliza swali la kukuumiza, usitazame kazi yake wala chumba anachokaa. Litazame swali. Ukishindwa kulijibu, nyamaza, maana aliyenyamaza bado anaweza kutengeneza.

Na ukimvunjia mtu jina, usisubiri wiki ijayo. Mwendee leo angali na masikio. Kisha wakusanye wale wale waliokusikia, uwaambie, hata wakikucheka, hata wakikuacha. Kukaa peke yako kwa sababu ya kweli ni kugumu, nakiri, nimekaa. Lakini yeye alikaa peke yake kwa sababu ya neno langu, na hakuna upweke unaofanana na huo.

Mwenyezi Mungu akupe ulimi mzito na miguu myepesi. Akupe nyumba ambayo kila aliye ndani yake amebaki kwa kupenda, na anayeondoka aondoke na chakula cha njiani, na akifika mbali apakumbuke kwako, atamani kupiga simu. Na siku yako ikifika, ewe mwanangu, wakuzike watu wengi, wanaokujua kwa jina lako zuri. Amina.